Mara Tano za Kushiba

Mimi Namkumba, niliteremshwa Sudi kutoka Makonde
na ndonya mdomoni, mtoto mgongoni.
Mtoto hakufika. Maziwa yalifika.
Wakaninunua kwa ajili ya maziwa.

Nilimnyonyesha Jumbe Mbaraka miaka miwili.
Aliniuma. Kovu ninalo.
Somoe binti Chande sikumpa hata tone:
mama yake alikuwa na ya kumwaga,
na kwao ni ng'ambo ya mkondo.
Nayasema haya kwanza
nisije nikayasahau nikifika kwenye uongo.

Jumbe alikuwa na wake wanne, mabinti tisa.
Kila uchungu ulipoanza, bunduki ilishindiliwa
kumpokea mwana wa kiume,
na kila alfajiri baruti ikamwagwa mchangani,
kuku wakaidonoa wakidhani mtama.
Mjini wakamwita, kwa kificho, Baba Mahari.

Akataka wa tano. Sheria ina viti vinne.
Ainuke nani?

Somoe alikuwa wa kwanza, na baba yake hakuwa mjinga:
siku ya nikaha alitia sharti,
ukimtaliki, minazi mia mbili inamfuata.
Talaka ina bei.
Ndipo shehe mmoja mpita njia akanong'ona:
walionyonya ziwa moja ni ndugu,
nikaha yao ni moshi. Hapo hapana talaka.
Hapo hapana minazi.

Kadhi alitaka wanawake wanne.
Tukaenda wanne, tumevishwa kaniki mpya
zinazotia rangi mapaja.
"Uliwanyonyesha wote wawili?"
"Naam."
"Mara ngapi?"
Nilikuwa nimefundishwa njia nzima.
"Mara tano. Za kushiba."

Kalamu ikakwaruza.
Somoe alikuwa nyuma ya pazia. Hakulia.
Nilisikia bangili zikivuliwa,
moja, ikakaa kimya, kisha nyingine.

Magharibi ile alikuja kibandani kwangu,
furushi kichwani, binti mdogo mkononi.
"Shikamoo, mama."
Nikadhani ananitukana.
"Karatasi inasema wewe ni mama yangu.
Mwanao hana pa kulala."
Nilikuwa na uji wa mtu mmoja.
Tukaunywa watatu, na sufuria tukaikwangua.

Wa tano akazaa binti.
Aliyeletwa mahali pa mwingine, binti.
Somoe akaposwa na mchimba sandarusi wa Mingoyo,
mtu wa kucha nyeusi na maneno machache,
akazaa dume.
Wakamwita Mfaume, jina la babu,
halikuwa na nia yoyote.

Masika yaliyofuata homa ikamchukua Jumbe.
Mabinti kumi na mmoja wakamlilia vizuri,
lakini kilemba kilibaki kwenye kigoda.
Ndipo wakateremka watu wa kwetu, wa juu,
wanaoulisha mji huu mtama na kuuletea mpira,
wakaketi barazani bila kukaribishwa.
"Kwetu mrithi hatoki kiunoni mwako," wakasema,
"hutoka tumboni mwa dada yako.
Dada yake yuko wapi?"

Jumbe hakuwa na dada wa kuzaliwa naye.
Alikuwa naye mmoja wa kuandikwa.

Kadhi akafungua kasha.
Mchwa walikuwa wamekula pembeni,
katikati wameacha.

Wakaniita. Macho yangu siku hizi ndiyo yenye maziwa;
sikuona mtu, nilisikia bangili,
na mtoto anayepumua kwa makamasi.
"Namkumba, mbele ya Mungu,
uliwanyonyesha kweli wote wawili?"

Nikalishika kovu kwa juu ya kaniki.
Habari za moto nimesomewa, nazijua.
Na ule uji niliujua.
"Naam."
"Mara ngapi?"

Nikangoja achovye kalamu.
"Mara tano," nikasema. "Za kushiba."

Somoe peke yake ndiye aliyekohoa.